Kukatika kwa Njia za Mkato za Tovuti Baada ya Kusasisha Kivinjari: Kubaini Chanzo cha Hitilafu na Hatua za Kuitatua

Ikisiri

Makala hii inafafanua kwa nini njia za mkato za tovuti hushindwa kufanya kazi baada ya kivinjari kusasishwa, na inapendekeza utaratibu wa kubaini chanzo cha hitilafu hiyo bila kuhatarisha kumbukumbu za mtafiti. Hoja kuu ni kwamba istilahi njia ya mkato, kama inavyotumika sasa katika Kiswahili, inafunika vitu vinne vyenye maumbile tofauti. Aidha, safari ya anwani kutoka kwenye aikoni hadi kwenye ukurasa ina pingili nne, na kila pingili inaweza kukatika peke yake. Kati ya hizo, ni moja tu inayohusu chanzo chenyewe. Kutotenganisha pingili hizo huwafanya watafiti wafute data ambazo hazikuwa na hitilafu yoyote, na huweza kuwafanya watahini waamini kwamba chanzo kilichorejelewa hakipo. Mifano imetolewa katika mabadiliko ya vivinjari yaliyotokea kati ya mwaka 2019 na 2023.

Istilahi muhimu: njia ya mkato, kivinjari, sasisho, alamisho, kivinjari chaguomsingi, anwani ya kudumu

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa leo hufanya sehemu kubwa ya kazi yake mbele ya kivinjari. Kamusi, magazeti ya zamani yaliyowekwa mtandaoni, majarida na tasnifu zilizohifadhiwa katika hazina za vyuo vikuu humfikia kupitia anwani ambazo ni ndefu mno kukaririwa. Ili kuepuka kuziandika upya kila siku, huziwekea njia za mkato. Baada ya muda, eneokazi la kompyuta yake huwa kama kabati la faharasa: kila aikoni ni mlango wa chanzo fulani, na mpangilio wa aikoni hizo hueleza, pengine kuliko shajara yake, jinsi utafiti ulivyokwenda.

Kabati hilo limejengwa juu ya programu ambayo hubadilika mara kwa mara. Mapema mwaka 2020, Mozilla Firefox iliingia katika utaratibu wa kutoa toleo kuu jipya kila baada ya wiki 4. Kuanzia Septemba 2021, Google Chrome nayo ilipunguza muda kati ya matoleo yake kutoka wiki 6 hadi wiki 4. Kwa kasi hiyo, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu anayesoma kwa miaka 3 hadi 4 hupokea katika kompyuta yake matoleo makuu kati ya 39 na 52 kabla hajawasilisha tasnifu. Mengi ya masasisho hayo hupita bila kuonekana. Machache huacha eneokazi lililojaa aikoni nyeupe zisizofungua kitu.

Msukumo wa kuandika makala hii umetokana na mojawapo ya masasisho hayo machache. Wiki mbili kabla ya mwandishi kukabidhi sura ya uchambuzi wa data kwa msimamizi wake, njia zote za mkato zilizokuwa kwenye eneokazi zilipoteza picha zake, na kila ilipobofywa moja, kompyuta iliuliza itumie programu gani kuifungua. Mwanafunzi mwenzake alimshauri aondoe kivinjari na kukisakinisha upya. Ushauri ulifuatwa kwa haraka, na katika haraka hiyo kisanduku kinachouliza iwapo data za kuvinjari nazo zifutwe kilitiwa alama ya kukubali. Njia za mkato zilirejea. Alamisho za miaka mitatu, zilizokuwa zimepangwa kwa sura na kwa tarehe, hazikurejea. Siku 11 zilitumika kuvitafuta upya vyanzo hivyo, na vyanzo 7 ambavyo havikupatikana vililazimika kuondolewa katika majedwali ya sura husika. Baadaye ilibainika kwamba tatizo la awali lingetatuliwa kwa dakika mbili katika ukurasa mmoja wa mipangilio, na kwamba alamisho zilizofutwa hazikuwa na uhusiano wowote na tatizo hilo.

Hivyo basi, swali linalojibiwa na makala hii ni hili: njia ya mkato inapokatika baada ya sasisho, ni kitu gani hasa kilichokatika?

2.0 Vitu Vinne vyenye Jina Moja

Katika matumizi ya kawaida, njia ya mkato ya tovuti ni kitu chochote kinachobofywa ili ukurasa ufunguke. Maana hiyo inamtosha msemaji wa kila siku, lakini haimtoshi mtu anayetafuta hitilafu. Chini ya jina hilo kuna vitu vinne ambavyo hukaa mahali tofauti na huharibika kwa namna tofauti.

Cha kwanza ni faili ya anwani. Hii ndiyo inayopatikana mtumiaji anapoburuta anwani kutoka kwenye kivinjari na kuiweka kwenye eneokazi. Katika Windows jina lake huishia na .url, na katika kompyuta za Mac huishia na .webloc. Faili ya Windows ni maandishi matupu: ikifunguliwa kwa Notepad, huonesha kichwa [InternetShortcut] na chini yake mstari unaoanza na URL= ukifuatiwa na anwani. Wakati mwingine huwa na mstari mwingine unaotaja mahali picha ya aikoni inapochukuliwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba faili hii haitaji kivinjari chochote. Inajua pa kwenda, lakini haijui nani atakayempeleka msafiri.

Cha pili ni kikato cha programu. Hiki, katika Windows, jina lake huishia na .lnk, nacho hutaja programu mahususi na folda ilimo, kisha huongeza maelekezo ya kile ambacho programu hiyo ifungue. Tovuti inaposakinishwa kama programu kupitia Chrome, kikato chake hubeba pia jina la wasifu wa mtumiaji na kitambulishi chenye herufi 32. Kikato cha aina hii kinajua kila kitu, na ndiyo maana kikosekane kimoja kati ya vitu hivyo, kinakwama.

Cha tatu ni alamisho. Alamisho haimo kwenye eneokazi wala haimilikiwi na mfumo endeshi. Huhifadhiwa ndani ya wasifu wa kivinjari, pamoja na historia, nywila na mipangilio ya mtumiaji.

Cha nne ni kigae kinachoonekana mtumiaji anapofungua kichupo kipya. Vigae hivi, ambavyo Chrome nayo huviita njia za mkato, vinaweza kuwa vimechaguliwa na mtumiaji mwenyewe au vimepangwa na kivinjari kutokana na tovuti zinazotembelewa mara nyingi. Historia ikifutwa, vigae vya aina hii ya pili hutoweka navyo.

Tofauti hizi si za kinadharia tu. Mtu anayesema kwamba njia zake za mkato zimepotea, bila kutaja ni zipi kati ya hizi nne, atapewa ushauri unaofaa kitu kimoja na kuharibu kingine. Hivyo ndivyo ilivyotokea katika kisa kilichoelezwa hapo juu: zilizokuwa zimekwama ni faili za anwani, na zilizopotea ni alamisho. Kwa sababu hiyo, makala hii inapendekeza kuwa katika maandishi ya kitaalamu istilahi njia ya mkato ibaki kuwa jina la jumla, na kila aina itajwe kwa jina lake: faili ya anwani, kikato cha programu, alamisho na kigae.

3.0 Safari ya Anwani na Pingili Zake

Mtumiaji anapobofya mara mbili faili ya anwani, mambo manne hufuatana kwa muda usiozidi kupepesa jicho. Kwanza, mfumo endeshi huisoma faili na kuipata anwani. Pili, hutazama mwanzo wa anwani, yaani itifaki kama vile http au https, kisha huangalia katika kumbukumbu zake ni programu gani iliyopewa kazi ya kushughulikia itifaki hiyo. Programu hiyo ndiyo kivinjari chaguomsingi. Tatu, kivinjari hufunguka kikiwa na wasifu fulani na kupokea anwani. Nne, kivinjari huwasiliana na seva ya tovuti, nayo hutoa ukurasa au kutoa jibu jingine.

Safari hii ni kama muwa wenye pingili nne. Kuvunjika kwa pingili moja hakumaanishi kuoza kwa nyingine, na dalili anazoziona mtumiaji hutofautiana kwa kila pingili. Aikoni ikiwa nyeupe lakini ukurasa unafunguka, hakuna pingili iliyokatika: kilichopotea ni picha tu, kwa kuwa faili ya picha iliyokuwa ikitajwa imehama. Kompyuta ikiuliza itumie programu gani, kasoro iko katika pingili ya pili. Kivinjari kikifunguka lakini alamisho zote zikawa hazimo, au kikato cha programu kikifungua dirisha tupu, pingili ya tatu ndiyo ya kuchunguzwa. Kivinjari kikionesha ujumbe wa hitilafu, uchunguzi uhamie pingili ya nne.

Katika dalili hizi, ujumbe wenye namba 404 unastahili maelezo ya ziada kwa sababu hueleweka vibaya mara nyingi. Namba hiyo haitolewi na kivinjari. Hutolewa na seva, ikimaanisha kuwa ukurasa ulioombwa haupo mahali ulipoombwa. Kwa hiyo, anayeuona ujumbe huo amepata ushahidi kwamba njia yake ya mkato ni nzima, kivinjari chake kinafanya kazi na seva imejibu. Kuondoa kivinjari kwa sababu ya namba 404 ni sawa na kubomoa mlango wa nyumba yako kwa kuwa jirani amehama.

4.0 Mambo Yanayobadilishwa na Sasisho

4.1 Kivinjari chaguomsingi

Tangu kutolewa kwa Windows 10 mwaka 2015, programu hairuhusiwi kujifanya chaguomsingi yenyewe. Mtumiaji ndiye anayepaswa kuichagua katika mipangilio. Mfumo ukibaini kwamba chaguo hilo limebadilishwa kwa njia usiyoitambua, hulibatilisha na kurejea katika chaguo lake wa awali. Kwa hiyo, sasisho, au kuondolewa kwa kivinjari kimoja na kusakinishwa kwa kingine, kunaweza kuacha itifaki ya http au https ikielekezwa kwa programu ambayo haipo tena. Matokeo yake ni kwamba faili zote za anwani hukwama kwa pamoja, ilhali kila moja, ikichunguzwa peke yake, haina kasoro.

4.2 Mahali pa programu na wasifu

Kikato cha programu hutegemea folda na wasifu. Programu ikihamia folda nyingine, kikato hubaki kikielekeza mahali patupu. Wasifu nao unaweza kubadilika. Mfano unaofahamika ni Firefox 67, iliyotolewa Mei 2019, ambapo kila nakala ya Firefox iliyosakinishwa katika kompyuta ilianza kupewa wasifu wake yenyewe. Mtumiaji mwenye nakala zaidi ya moja aliweza kufungua kivinjari na kukuta hakina alamisho hata moja, wakati wasifu wake wa zamani ulikuwa bado umo ndani ya diski. Ilikuwa rahisi kuamini kwamba alamisho zimefutwa. Ukweli ni kwamba mlango mwingine ndio uliofunguliwa.

4.3 Itifaki zilizoondolewa

Baadhi ya masasisho huondoa uwezo ambao vivinjari vilikuwa nao kwa miaka mingi. Firefox 90, iliyotoka Julai 2021, na Chrome 95, iliyotoka Oktoba mwaka huohuo, ziliacha kabisa kufungua anwani zinazoanza na ftp. Zamani itifaki hii ilitumika sana kusambaza faili za utafiti, zikiwemo hifadhidata za matini na nakala za ripoti. Njia ya mkato iliyoelekeza katika anwani ya namna hiyo ilikoma kufunguka ndani ya kivinjari, lakini kukoma huko hakukuwa na maana kwamba seva imezimwa. Programu maalumu ya kuhamisha faili kwa itifaki ya ftp bado inaweza kuifikia, ikiwa seva ipo.

Hali inayofanana na hiyo ilitokea mwaka 2020, pale vivinjari vikuu vilipoacha kukubali matoleo 1.0 na 1.1 ya itifaki ya usalama ya TLS. Firefox 78 ilifanya hivyo mwishoni mwa Juni, na Chrome 84 mwezi Julai. Tovuti zilizokuwa kwenye seva za zamani zisizojua toleo jipya zaidi zilianza kuonesha ujumbe wa kukosekana kwa muunganisho salama. Hapa kivinjari ndicho kilichobadilika, lakini tiba ilikuwa mikononi mwa msimamizi wa seva.

4.4 Kivinjari chenyewe kuondolewa

Mfano mkubwa zaidi ni wa Internet Explorer. Mwaka 2011, toleo la 9 la kivinjari hicho lilileta uwezo wa kubandika tovuti kwenye upau wa chini wa Windows 7, kwa kutumia faili ambazo jina lake huishia na .website. Tarehe 15 Juni 2022, Microsoft ilisitisha huduma kwa Internet Explorer 11 katika matoleo mengi ya Windows 10, na tarehe 14 Februari 2023 sasisho la Microsoft Edge lilikizima kabisa kivinjari hicho katika kompyuta zilizohusika. Aliyebofya aikoni yake tangu hapo alipelekwa kwenye Edge. Njia za mkato zilizotengenezwa kwa kufungamana na kivinjari hicho zilibaki bila mwenyeji. Hata hivyo, anwani zilizomo ndani ya faili za .website ziliendelea kusomeka kwa programu ya kawaida ya maandishi. Mtafiti aliyezifuta akidhani hazina kazi tena alitupa faharasa iliyokuwa bado hai.

4.5 Sadfa ya wakati

Si kila kinachotokea baada ya sasisho kimesababishwa na sasisho. Hazina nyingi za vyuo vikuu huendeshwa kwa programu ya DSpace, iliyobuniwa na Massachusetts Institute of Technology kwa ushirikiano na Hewlett-Packard na kutolewa mwaka 2002. Toleo la 7 la programu hiyo, lililotoka mwaka 2021, liliacha sura zake mbili za zamani, ambazo majina yake, xmlui na jspui, yalionekana mara nyingi ndani ya anwani. Chuo kinapohamia toleo jipya bila kuelekeza upya anwani za zamani, njia za mkato za watafiti wake hukatika siku hiyohiyo. Kwa kuwa vivinjari husasishwa karibu kila mwezi, ni rahisi mabadiliko ya seva kukutana na sasisho la kivinjari, na lawama ikaenda kusikohusika.

5.0 Hatua za Utatuzi

Utaratibu unaopendekezwa hapa unaongozwa na kanuni moja: kuanza na hatua isiyoharibu chochote na kumaliza na ile yenye hatari zaidi. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

Hatua ya kwanza ni kutofuta kitu. Kivinjari kifungwe kabisa katika madirisha yote, kisha kompyuta iwashwe upya. Sasisho hukamilika pale tu kivinjari kinapofunguliwa upya, na kabla ya hapo toleo la zamani na jipya huweza kuwa pamoja katika hali ya nusu kwa nusu. Baadhi ya hitilafu huishia hapa, zikiwemo za picha za aikoni.

Hatua ya pili ni kuisoma anwani. Faili ya njia ya mkato ichaguliwe, kisha vitufe vya Alt na Enter vibonyezwe kwa pamoja ili dirisha la sifa zake lifunguke. Ikiwa ni faili ya anwani, anwani itaonekana humo. Ikiwa ni kikato cha programu, zitaonekana folda, programu na maelekezo yanayofuatia. Anwani inakiliwe na kuhifadhiwa katika waraka wa kawaida. Kuanzia hapa, hata jambo gani litokee, chanzo hakiwezi kupotea kwa sababu ya faili.

Hatua ya tatu ni kuijaribu anwani hiyo peke yake. Ibandikwe katika kivinjari kilichosasishwa, kisha katika kivinjari kingine, na ikiwezekana katika simu inayotumia mtandao tofauti. Ikifunguka katika kivinjari kilekile, pingili ya tatu na ya nne ni nzima, na kasoro iko katika faili au katika kivinjari chaguomsingi. Ikifunguka katika kivinjari kingine tu, kuna jambo katika kivinjari kilichosasishwa au katika wasifu wake. Isipofunguka popote, kuna uwezekano mkubwa kwamba jambo liko upande wa seva. Jaribio hili moja hugawa tatizo katika mafungu matatu bila kugusa mpangilio wowote.

Hatua ya nne, kwa fungu la kwanza, ni kuingia katika mipangilio ya programu chaguomsingi na kuchagua kivinjari upya kwa itifaki za http na https, hata kama jina lake tayari linaonekana hapo. Ikiwa kilichokwama ni kikato cha programu, kifutwe na kutengenezwa upya kutoka ndani ya kivinjari. Kufuta kikato hakufuti tovuti wala hakiondoi kivinjari, mradi kinachofutwa ni aikoni pekee.

Hatua ya tano, kwa fungu la pili, ni kuchunguza wasifu. Katika Firefox, kuandika about:profiles mahali pa anwani huonesha wasifu zote zilizomo katika kompyuta na kuwezesha kurejea katika ule wa zamani. Katika Chrome, picha au herufi iliyo pembeni mwa upau wa anwani huonesha wasifu unaotumika. Alamisho zikiwa hazionekani, ni vema kukumbuka kwamba Firefox hujitengenezea nakala za akiba za alamisho, kwa kawaida zisizozidi 15, ndani ya wasifu wenyewe, na kwamba Chrome huweka nakala moja ya awali yenye jina Bookmarks.bak. Nakala hizi huokoa mengi, ila si katika hali ambayo wasifu wote umefutwa. Viendelezi navyo vizimwe kwa muda, kimoja baada ya kingine, kwa kuwa kiendelezi kilichotengenezwa kwa toleo la zamani kinaweza kuzuia ukurasa kufunguka.

Hatua ya sita, kwa fungu la tatu, ni kukitafuta chanzo kwa jina lake badala ya anwani yake. Kichwa cha tasnifu kikitafutwa ndani ya hazina husika, mara nyingi hupatikana katika anwani mpya. Kisipopatikana, anwani ya zamani iwekwe katika Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo imekuwa wazi kwa umma tangu mwaka 2001, ili kuona kama nakala ya ukurasa ilihifadhiwa.

Hatua ya mwisho ni kukisakinisha kivinjari upya. Ifikiwe tu baada ya zile sita kushindwa, na baada ya alamisho kuhamishiwa katika faili ya HTML iliyowekwa nje ya kompyuta hiyo. Wakati wa kuondoa kivinjari, kisanduku cha kufuta data za kuvinjari kiachwe bila alama. Sentensi hiyo moja ingemwokolea mwandishi wa makala hii siku 11.

6.0 Athari kwa Watahini na Watafiti

Yaliyoelezwa hapo juu hayaishii katika eneokazi la mtafiti. Tasnifu inayosomwa kwenye kompyuta ina viungo vya marejeleo, na mtahini anapokibofya kimojawapo, anwani hupita katika pingili zilezile: programu inayosoma waraka huikabidhi kwa mfumo endeshi, mfumo endeshi huikabidhi kwa kivinjari chaguomsingi, na kivinjari huikabidhi kwa seva. Tofauti ni kwamba kompyuta inayotumika sasa si ya mtafiti. Kiungo kilichofunguka siku ya kukabidhi tasnifu kinaweza kukwama miezi sita baadaye mezani kwa mtahini, kwa sababu zisizohusiana na mtahiniwa.

Hapa ndipo tatizo dogo la kiufundi linapogeuka kuwa suala la haki. Mtahini anayekuta viungo kadhaa havifunguki anaweza, kwa nia njema kabisa, kutilia shaka uhalisi wa vyanzo. Mtahiniwa aliyerejelea hifadhidata yenye anwani ya ftp mwaka 2018 alirejelea kitu ambacho vivinjari vya wakati huo vilikifungua. Kivinjari cha leo kinapokataa, kukataa huko kunasema jambo kuhusu kivinjari na hakusemi lolote kuhusu mtahiniwa. Makala hii inapendekeza kuwa, kabla ya kuandika katika ripoti kwamba chanzo hakipatikani, mtahini atekeleze angalau hatua ya tatu na ya sita zilizoelezwa katika sehemu iliyotangulia.

Mtafiti naye ana wajibu. Kwanza, marejeleo yake yasitegemee anwani pekee: mwandishi, kichwa, mwaka, hazina na tarehe ya kufikiwa vitoshe kukipata chanzo hata anwani ikifa. Pili, pale ambapo kuna anwani ya kudumu, kama DOI au Handle, itumike badala ya ile iliyoonekana juu ya dirisha siku hiyo. Tahadhari inahitajika hapa. Katika DSpace, namba 123456789 inayoonekana ndani ya anwani nyingi za hazina ni kishikanafasi kinachokuja na programu yenyewe. Anwani yenye namba hiyo inafanana na Handle lakini si Handle iliyosajiliwa, hivyo haina uhakika wa kudumu. Vyuo ambavyo bado vinaitumia vingewasaidia watafiti wao kwa kusajili kiambishi chao wenyewe. Tatu, orodha ya vyanzo ihifadhiwe nje ya kivinjari, iwe katika programu ya marejeleo kama Zotero au katika jedwali la kawaida. Kivinjari ni chombo cha kusafiria, nacho si ghala.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba swali la nini kimekatika linapaswa kutangulia swali la nini kifanyike. Njia ya mkato ya tovuti inaweza kuwa faili ya anwani, kikato cha programu, alamisho au kigae, na kila kimoja kina makazi yake na maradhi yake. Sasisho la kivinjari huweza kugusa kivinjari chaguomsingi, mahali pa programu, wasifu au itifaki zinazokubaliwa, na mara nyingine haligusi chochote isipokuwa limetokea siku moja na mabadiliko ya seva. Kusoma anwani na kuijaribu peke yake kunatosha kutenganisha hali hizi, tena bila kufuta faili hata moja.

Kwa upande wa lugha, uchunguzi huu umedokeza kwamba usahihi wa istilahi ni sehemu ya utatuzi. Kiswahili tayari kina maneno ya kutosha kuvitaja vitu hivi kimoja kimoja. Kinachohitajika ni watumiaji wake, hasa katika maabara za kompyuta, maktaba na madawati ya msaada ya vyuo vikuu, kuyatumia maneno hayo kwa kutofautisha. Mwanafunzi akiulizwa tu, kabla ya kupewa ushauri wowote, kilichokwama ni faili ya eneokazi au ni alamisho ya ndani ya kivinjari, swali hilo fupi linaweza kuokoa kazi ya miaka mitatu.